Somo: PLC kusoma mita ya umeme kwa Modbus RTU

Wengi huniuliza kwa nini PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) haisomi mita ilhali programu iko sawa. Nami huuliza kwanza: waya umeupima? Katika kazi nilizofanya hapa Industrial Area, tatizo mara nyingi lilikuwa kwenye waya au mipangilio. Kwa hiyo programu tutaigusa mwisho.

Modbus, lugha ambayo vifaa vya viwandani huzungumza, ipo tangu 1979 na kanuni yake haijabadilika: masta ni mmoja, yaani PLC, naye ndiye anayeuliza. Slevu, yaani kifaa kinachoulizwa kama mita, hunyamaza mpaka aitwe kwa anwani yake, kati ya 1 na 247.

Hatua ya 1: Waya. Chukua kebo ya jozi iliyosokotwa, yenye shildi, yaani ganda la chuma la kuzuia kelele za umeme. Itoe kwenye PLC iende kifaa cha kwanza, kisha cha pili, kama shanga kwenye uzi, usitoe matawi. Resista ya omu 120 inakaa kwenye miisho miwili ya laini, si kwa kila kifaa. Shildi iguse ardhi upande mmoja tu. Tafadhali usiilaze kebo hii pamoja na nyaya za mota.

Hatua ya 2: Mipangilio. Kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti za kufunga (stop bits) zifanane kwa vifaa vyote. Anwani ndiyo pekee inayotofautiana.

Hatua ya 3: Anza na kifaa kimoja. Soma volti, kwa sababu utazihakiki kwa multimita. Angalia kijitabu kama kinataka amri ya kusoma ya 03 au ya 04. Rejista (kisanduku cha namba ndani ya mita) iliyoandikwa 40001, kwenye PLC nyingi unaiandika 0. Kuna kiwanda kimoja nilikaa hadi saa tatu usiku nikisoma fezi ya pili nikidhani ni ya kwanza, kwa kukosea namba moja hapo.

Maswali yenu

Mita moja inasoma vizuri. Nikiongeza ya pili, zote zinapotea.
Huenda zote zimetoka kiwandani na anwani 1, kwa hiyo zinajibu pamoja na majibu yanagongana. Ipe ya pili anwani 2 kabla hujaiunganisha.

Hakuna jibu kabisa, na mipangilio nimeikagua.
Geuza A na B, zile nyaya mbili za data. Watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na kuzigeuza hakuunguzi kitu.

Pampu iko umbali wa mita 400. Itafika?
Itafika. Kwa kasi ya 9600, kebo nzuri hufika hata mita 1000.

Natarajia volti 240, naona 17264 na 32768.
Hapo umefika, ndugu yangu! Hiyo ni namba moja ya desimali iliyogawanywa katika rejista mbili. Ziunganishe kama float ya biti 32, 17264 ikitangulia, utapata 240.5. Ukipata kitu karibu na sifuri, umezipanga kinyume.