Matembezi ya hisani kwenye vilima vya Kigoma: daftari kwanza, viatu baadaye

Ukitaka kuwapandisha ndugu na marafiki vilima ili mchangishe pesa, jua mapema kwamba kupanda ndiyo kazi rahisi. Bibi yangu wa Ujiji alipanda viwili, akakaa chini ya mwembe, akatuambia tuendelee tutamkuta hapohapo. Kazi yenyewe ni ahadi.

Mwaka wa kwanza tulikuwa tunamtafutia kiti mwendo mtoto wa jirani yetu hapa Mwanga. Watu waliahidi kwa kila kilima: huyu elfu mbili, yule elfu tano, mjomba mmoja kwa mbwembwe zote elfu kumi. Tukapanda vitatu, tukashuka na vumbi hadi masikioni, tukaanza kupiga simu. Zinaita tu. Mtoto alikaa miezi minne zaidi akibebwa mgongoni na mama yake, nami nikawa napita njia za nyuma nisikutane naye.

Kwa hiyo nunua daftari. Piga mistari, weka safu nne: jina, ahadi kwa kila kilima, alichokwisha kutoa, kilichobaki. Dai nusu kabla ya siku ya kutembea. Anayesema "nitakutumia jioni" mwandike kwa penseli. Daftari likae kwa mtu mmoja na simu inayopokea pesa ikae kwa mwingine, hata kama ni mtu na mkewe. Chakula, maji na nauli za wazee visiguse mchango kabisa. Kila nyumba ije na chake. Mihogo ya kuchemsha na karanga vinatosha. Migebuka ya kukaanga acheni ya kushukia, maana mtu akishashiba samaki hapandi tena.

Mkubaliane mapema vilima vinavyohesabika. Sisi tulianzia stesheni ya reli, tukapandisha barabara ya Lumumba hadi Mwanga, tukaiita kilima cha kwanza. Shemeji mmoja akagoma kulipa: "Lami si kilima!" Ajaribu kuipanda na mtoto mgongoni, ndipo tuzungumze. Lakini kwa haki alikuwa na hoja, hatukuwa tumeandika. Wiki moja kabla, pita njia nzima na mtu mwingine, na kama inakatiza shamba la mtu, piga hodi umwombe. Mwone mwenyekiti wa mtaa, na mkiwa kundi kubwa pelekeni taarifa ya maandishi polisi, saa 48 kabla au zaidi.

Tarehe ilitutoa jasho. Ijumaa kuna msikiti, Jumamosi Wasabato wako kanisani, Jumapili ni zamu ya wengine. Tukaangukia sikukuu: Saba Saba au Nane Nane. Zote ziko kiangazi, njia ni kavu. Mimi napendelea Saba Saba. Kufika Agosti moshi wa nyasi zinazochomwa unaweza kuficha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na watoto wengine walikuja kwa ajili ya kuiona hiyo tu.

Saa nayo usiige ya pwani. Tuko mwisho wa nchi upande wa magharibi lakini saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua huku linachomoza karibu saa moja. Ukiwaita watu saa kumi na mbili, utawahesabu kwa tochi. Waite kumi na mbili na nusu, mng'oe mguu saa moja kamili, aliyechelewa awafuate na bodaboda. Sisi tuliwahi kumsubiri mgeni wa heshima hadi saa tatu. Maji ya watoto yaliisha kilima cha pili. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na vilima vya mjini si virefu sana, kwa hiyo pumzi haitakuwa tatizo. Jua ndilo litakalowatesa. Kila mtu kofia na lita moja na nusu ya maji, na kidumu cha akiba kwa vijana wenye nguvu.

Viatu: raba zenye meno. Kupanda na yeboyebo inawezekana, balaa ni kushuka. Ule udongo mwekundu juu yake umetapakaa changarawe ndogo, na kuukanyaga ni kama kukanyaga maharage yaliyomwagika sakafuni. Geuka ubavu, kanyaga kwa upande wa kiatu, magoti yalegee kidogo, fimbo iwe upande wa bondeni. Usimshike mkono mtu anayeteleza kama wewe mwenyewe hujasimama vizuri, mtaondoka wote. Dada yangu na binamu yake waliondoka hivyo, wakaacha ngozi ya viwiko njiani.

Mbele aende mtu mzima asiye na haraka. Nyuma kabisa awepo mwenye filimbi, bandeji na chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji, na yeyote asibaki nyuma yake. Kila kileleni hesabuni vichwa.

Na palepale kileleni, kabla hamjafungua mihogo, fungua daftari usome majina na baki kwa sauti. Mwaka wa pili watu saba walitoa simu mifukoni na kulipa wakiwa wamesimama. Mkishanunua kilichokusudiwa, risiti ipigwe picha, waliochanga wote watumiwe. Mjomba naye nilimtumia. Alijibu kwa kidole gumba.