Namna ya Kukusanya na Kuandika Maoni ya Mashabiki Kuhusu Muziki wa Filamu ya Katuni

Ukimwuliza mtu aliyetoka kutazama filamu ya katuni kama muziki wake ulimgusa, mara nyingi atakuimbia kipande cha wimbo, kisha atakuambia kwamba ulikuwa mzuri sana. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikufikishi mbali, kwa kuwa halisemi ni sauti ipi iliyomgusa wala ilimgusa katika sehemu gani ya hadithi. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaita majirani na wanakwaya wenzangu sebuleni kwetu Majengo, mjini Moshi, tutazame katuni kwa ajili ya muziki wake tu, na nitaeleza hapa yale ambayo nimeona yanamfaa mtu anayetaka maoni yenye uzito.

Kabla ya kumwalika yeyote, tofautisha nyimbo za filamu na muziki wa filamu. Nyimbo huwa na maneno na mara nyingi huimbwa na wahusika wenyewe, ilhali muziki wa filamu ni ule unaopita chini ya mazungumzo na matukio, ambao mtazamaji huusikia bila kujua kwamba anausikia. The Lion King ya mwaka 1994 ni mfano mwepesi: nyimbo zake zilitungwa na Elton John kwa mashairi ya Tim Rice, muziki wa filamu ukatungwa na Hans Zimmer, na mwaka 1995 tuzo ya Oscar ya wimbo bora na ile ya muziki bora wa filamu zote mbili zilikwenda kwa filamu hiyo. Kwa hiyo shabiki anayeusifu wimbo wa "Hakuna Matata" bado hajasema lolote kuhusu kazi ya Zimmer. (Wimbo huo, kwa kweli, huzua kwetu mjadala wake peke yake, maana sokoni Mbuyuni watu husema "hamna shida", na hayo maneno mengine utayakuta zaidi kwenye fulana za watalii.)

Baada ya hapo tafuta nakala inayofaa, na katika hili usifanye mzaha. Kikao changu cha kwanza kiliharibika kwa sababu nilikopi filamu kwenye flashi kutoka kibanda kimoja cha video bila kuijaribu, kumbe ilikuwa ya kutafsiriwa. Mtafsiri alikuwa hodari na watoto walicheka mpaka machozi, lakini kila muziki uliposhuka ili pawe na ukimya kidogo, yeye aliuona ukimya ule kuwa nafasi ya kuongezea utani, na zile sekunde chache ambazo mtunzi alizipima kwa uangalifu zikajaa maneno. Sizidharau filamu za kutafsiriwa, kwani ndizo zilizotukuza wengi wetu. Kwa kazi hii, hata hivyo, hazifai kabisa, na ni heri watazamaji wasielewe nusu ya mazungumzo kuliko kuukosa muziki.

Vyombo vya sauti si lazima viwe vya gharama. Ukiwa na sabufa ya kawaida, punguza besi mpaka filimbi na violini zisikike, kwa sababu mafundi wetu huzipanga sabufa kwa ajili ya bongo fleva, na ngoma za okestra zikipita humo hugeuka kuwa mngurumo mmoja usio na sura. Angalia pia majira. Kama nyumba yako imeezekwa kwa mabati na haina dari, usiite watu jioni za mwezi wa Aprili, kwani mvua za masika zikianza kunyesha hutasikia hata mlango ukibishwa.

Siku yenyewe, acha filamu ipite yote mara moja bila daftari wala maswali, huku wewe ukiwatazama watazamaji kuliko kioo. Mtoto anayeacha kutafuna bisi, mtu mzima anayeweka kikombe chini taratibu bila kukitazama, kijana anayegonga mdundo kwa kidole juu ya goti: hayo ni maoni tayari, tena hayajapitia kwenye adabu. Andika dakika na sekunde ya kila tukio la namna hiyo pembeni ya karatasi, kimyakimya. Uwe tayari pia kupoteza baadhi ya sehemu, kwa mfano mwanzoni mwa The Lion King, pale mlima wenye theluji unapoonekana nyuma ya tembo, ambapo hapa Moshi hakuna namna ya kuwazuia watoto wasipige kelele za "Kibo! Kibo!" juu ya kwaya nzima.

Raundi ya pili ndiyo yenye faida kubwa. Chagua vipande viwili au vitatu, kisha uifunike runinga kwa kanga ili watu wasikie bila kuona. Kipande ninachokipenda kuliko vyote kwa zoezi hili kimo katika Up ya mwaka 2009, filamu iliyompatia Michael Giacchino tuzo ya Oscar, pale maisha ya ndoa ya Carl na Ellie yanaposimuliwa kwa dakika nne hivi bila neno hata moja. Tuni ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, yenye mapigo matatu kama ya kuyumbishana katika dansi. Mwanzoni imechangamka, ina tarumbeta iliyozibwa mdomo na violini zinazocheka, kisha inapungua mwendo, vyombo vinajiondoa kimoja baada ya kingine, na mwishoni inabaki piano peke yake, polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amechoka. Mara ya kwanza tulipokisikiliza chini ya kanga, fundi baiskeli mmoja ambaye hakuwa ameiona filamu hiyo alisema, "Hapa kuna nyumba ilikuwa na wageni, sasa wameondoka." Mwalimu wetu wa kwaya aliinama akaiandika tuni kwa do-re-mi nyuma ya ratiba ya ibada, akatuonyesha kwamba ile ya furaha na ile ya majonzi ni ileile. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mweke karibu, maana yeye atakuambia kilichotokea kwenye muziki wakati wengine wanakuambia kilichotokea moyoni, na makala nzuri huhitaji vyote viwili.

Maswali yako yawe madogo. Usiulize "Umeupenda?", kwa sababu mgeni aliyekunywa chai yako hawezi kukujibu vinginevyo isipokuwa kwamba ameupenda mno, na asante kwa kumkaribisha. Uliza alisikia chombo gani kabla mhusika hajaanguka, au ni wapi alitamani muziki unyamaze. Swali hilo la mwisho huwafungua hata wapole, kwani kulalamikia kelele si kumkosea mwenye nyumba.

Usiwasahihishe wanaposikia vibaya, angalau kwa wakati huo. Ule mwito unaoifungua The Lion King wengi wetu tumeuimba tangu utotoni kwa maneno tuliyojibunia, tukidhani ni Kiswahili cha mahali fulani mbali. Ni Kizulu, na mwimbaji wake ni Lebo M wa Soweto, ile ya Johannesburg, si hii yetu ya hapa Moshi. "Ingonyama" ni simba, na "baba" ni baba kama kwetu. Kijana mmoja aliniambia kwamba hilo neno "baba" ndilo lililokuwa likimtetemesha miaka yote, ingawa hakulielewa neno jingine lolote. Kama ningemweleza maana ya maneno kabla hajazungumza, angenirudishia maelezo yangu mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, habari za mtunzi ziwekwe mwisho. Zimmer alifiwa na baba yake angali mtoto, naye amewahi kueleza kwamba kifo hicho kilikuwa akilini mwake alipotunga muziki wa kifo cha Mufasa, baba yake Simba katika The Lion King. Watu wakilijua hilo mapema, kila mmoja atasikia msiba hata kwenye ngoma za shangwe. Nawe usizime filamu majina yanapoanza kupanda, kwani ndipo utakapowapata mtunzi, waongozaji wa kwaya na waimbaji, na utaepuka aibu ya kumpa Elton John sifa zisizo zake.

Unapoandika, kila maoni yaambatane na mahali pake katika filamu na chombo kilichosikika, na maneno ya msemaji yabaki jinsi yalivyotoka kinywani mwake. Kisha, kabla hujayachapisha, rudi kwa waliozungumza uwasomee. Mimi nilipomsomea bibi wa nyumba ya pili nilichoandika kwa niaba yake, kwamba mwisho wa kile kipande cha Up "ulimtia huzuni", aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua, akanitazama kidogo.

"Mjukuu wangu, mimi sikusema huzuni," alisema. "Nilisema wale wengine wamenyamaza."

Nikafuta, nikaandika upya.