Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kujifunza IPv6

Kabla ya kupakua kozi yoyote ya IPv6, itifaki ya anwani za intaneti iliyokuja baada ya IPv4, tazama kwanza imeandikwa lini. Waraka wa msingi wa itifaki hii, RFC 2460, ulitolewa mwaka 1998, na Julai 2017 nafasi yake ikachukuliwa na RFC 8200, ambao unasomwa bure mtandaoni. Kipimo ninachokiamini zaidi ni anwani zinazoanza na fec0. Ziliondolewa rasmi mwaka 2004, hivyo somo linaloendelea kuzipendekeza kwa mtandao wa ndani wa ofisi, badala ya zile zinazoanza na fd, liache hata kama limepangwa vizuri.

Hakikisha pia umezizoea namba za heksadesimali (za msingi wa 16), kwa kuwa anwani moja ina biti 128 na huandikwa kwa mafungu manane. Kama huoni mara moja kwamba 2001:db8:0:0:0:0:0:1 na 2001:db8::1 ni anwani ileile, maliza hilo kwanza ndipo uguse ruta.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni jinsi mwandishi anavyoieleza ICMPv6, yaani ICMP ya IPv6, itifaki ya ujumbe wa taarifa na makosa ya mtandao. Katika IPv4 wasimamizi wengi walizoea kuzuia ujumbe wa ICMP kwenye ngome ya mtandao, na mambo yakaenda. Katika IPv6 kompyuta hutumia ujumbe huo kutafutana, kazi iliyokuwa ya itifaki ya ARP katika IPv4, na kuarifiwa pakiti inapokuwa kubwa kupita kiasi njiani. Anayekushauri kuuzuia wote atakuharibia mtandao. Ili ujionee mwenyewe, andaa kompyuta pepe mbili (zinazoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta yako) na Wireshark, programu ya kutazama pakiti za mtandao, kisha tuma pingi, yaani ujumbe wa kupima kama kompyuta nyingine inajibu, kutoka moja kwenda nyingine kwa anwani zao zinazoanza na fe80. Ombi la kumtafuta jirani na jibu lake vitaonekana kabla ya pingi yenyewe. Anwani hizo kompyuta hujipangia, hata pasipo intaneti.

Kwa msomaji wa Afrika, AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, lenye makao Mauritius, hutoa mafunzo ya IPv6, na APNIC Academy, ya shirika kama hilo la Asia na Pasifiki, ina kozi za bure mtandaoni. Mwisho, muulize mtoa huduma wako kama anatoa IPv6. Asipotoa, kampuni ya Hurricane Electric hutoa handaki la bure, yaani njia ya kupitisha IPv6 ndani ya IPv4, lakini linahitaji anwani ya IPv4 ya umma, ambayo wengi wanaotumia intaneti ya simu hawanayo. Mwenye hali hiyo afanye mazoezi yake kwenye kompyuta pepe.