Wenzangu wa CTC (kliniki ya VVU), ulizeni na habari za ini

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na karanga Kibaigwa, na ninaishi na VVU pamoja na homa ya ini B. Magonjwa haya hupita njia zilezile: damu, ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ini huweza kuharibika miaka mingi pasipo maumivu, kwa hiyo usisubiri kuumwa ndipo upime.

Siku ya kliniki usiishie kuulizia wingi wa virusi. Sema, "Daktari, naomba kipimo cha homa ya ini B." Kwenye fomu huandikwa HBsAg. Ukikutwa huna, omba chanjo. Kwa kawaida ni sindano 3, ya pili baada ya mwezi na ya tatu mwezi wa 6. Ukikutwa nayo, mwenza na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe. Kula sahani moja hakuambukizi. Wembe na mswaki ndivyo visichangiwe, maana kirusi hiki huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Sasa dawa, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Ndani ya TLD, kidonge cha VVU ambacho wengi wetu tunameza, mna tenofoviri na lamivudini, na zote mbili hupambana na VVU na homa ya ini B kwa pamoja. Ukiacha kwa sababu umeombewa, umesafiri, au umeambiwa virusi havionekani, homa ya ini huweza kulipuka kwa kishindo, ini likashindwa kazi, na mtu akafa. Nimewaona wenzetu wakiacha kwa sababu hizo, na inaniuma. Vilevile, siku daktari akitaka kukubadilishia dawa, labda kwa ajili ya figo, mkumbushe kabla hajaandika: "Nina homa ya ini B." Ikiondolewa tenofoviri ukabaki na lamivudini peke yake, kirusi cha ini huizoea dawa hiyo. Omba jambo hili liandikwe waziwazi kwenye faili lako, kwa sababu wahudumu hubadilika.

Mjamzito aendelee na dawa, na aulizie mapema chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Zile za wiki ya 6, 10 na 14 zibaki palepale.

Ukianzishiwa dawa za kukinga kifua kikuu, taja ini lako, kwani isoniazidi huweza kuliumiza. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, nenda kituoni siku hiyohiyo. Pombe acha kabisa. Dawa za miti shamba, mwambie daktari.

Na chakula. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, iliua watu huku kwetu Dodoma na kule Manyara. Mwenye homa ya ini B akiila kwa muda mrefu, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Kuchemsha hakuiondoi. Anika mahindi juu ya turubai, usiyamwage chini. Magunia yapange juu ya chaga, mbali na ukuta. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu, itupe. Mahindi yaliyovunda usiyapeleke kwenye pombe wala kwa kuku, kwa maana sumu ileile itakurudia.