Kinyesi na mapito: jinsi ya kupima nyati, twiga na kuro wanachagua makazi gani Nakuru

Ukiona nyati hamsini kwenye nyasi za ufuoni mwa Ziwa Nakuru, umejua walipo saa nne asubuhi. Kama wamepachagua hapo, bado hujajua. Uchaguzi hupimwa kwa kulinganisha mambo mawili: sehemu mnyama anayotumia, na sehemu zote ambazo angeweza kuzitumia. Barabara za watalii zinafuata ufuo, kwa hiyo anayehesabu kutoka garini atarudi kila siku na jibu lile lile. Kinyesi hakikimbii gari, na kinabaki pale mnyama alipopita usiku. Tutahesabu hicho.

Hatua ya 1: Vibali na askari

Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha. Ndani ya hifadhi hutembei bila askari mwenye silaha wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nyati dume aliyelala kwenye leleshwa, vichaka vya majani ya kijivu, huonekana ukiwa umeshamfikia.

Hatua ya 2: Gawa eneo kwa ramani ya leo

Hifadhi ina kilomita za mraba 188. Igawe kwa aina za uoto: nyasi fupi za ufuoni, msitu wa migunga, leleshwa, nyasi ndefu za miteremko, na yuforbia upande wa mashariki. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, kila kipande chake ni mita 10 kwa 10, na programu ya QGIS inazifungua bila malipo.

Usitumie ramani ya zamani hata kama imechorwa vizuri. Ziwa limepanda sana tangu mwaka 2010 hivi. Maji yameingia kwenye migunga, ikabaki imesimama mikavu ndani ya ziwa, na lango kuu la zamani likazama. Ukihesabu nyasi zilizo chini ya maji kama malisho yaliyopo, hesabu itakuonyesha kwamba wanyama wanaukwepa ufuo, na utaamini.

Hatua ya 3: Pima mikanda

Mkanda ni ukanda mwembamba wa ardhi mnaoutembea mkihesabu kinyesi. Kila mkanda uwe na urefu wa mita 500 na upana wa mita 4, yaani mita 2 kila upande wa mstari. Hiyo ni hekta 0.2. Programu ikuchagulie mahali pa kuanzia kwa bahati nasibu, kisha elekea juu kutoka ziwani ili mkanda mmoja ukate aina kadhaa za uoto. Acha angalau mita 300 kati ya mkanda na mkanda.

Watu watatu wanatosha. Wa katikati anashika GPS na daftari. Wawili wa pembeni kila mmoja ana fimbo ya mita 2, na hakihesabiwi kitu kilicho nje ya ncha yake. Nyasi zikipita magoti, punguza upana uwe mita 1 kila upande na uandike hivyo, maana macho hukosa mengi humo. GPS ya simu hukosea mita 5 hadi 10, na chini ya miti zaidi. Kwa hiyo aina ya uoto iandikwe papo hapo kwa macho; usingoje kuisoma kwenye ramani jioni.

Hatua ya 4: Tambua kinyesi

Cha nyati ni kama cha ng'ombe, kimekunjamana kwa tabaka. Cha pundamilia kina umbo la figo, kama cha punda. Cha twiga ni punje zenye ncha upande mmoja na kibonyeo upande wa pili, nazo hutawanyika kwa sababu zinaanguka kutoka juu. Fuata mstari wa punje hadi uishe kabla ya kuhesabu fungu moja. Za kuro mara nyingi hugandamana wakati majani ni mabichi. Punje zikiwa chini ya 10, usihesabu fungu.

Swala pala na vifaru wana vyoo, sehemu wanazorudia kuweka alama ya himaya. Viandike kwenye safu yake peke yake. Ukivichanganya na mengine, kona moja yenye choo itaonekana kama malisho bora kuliko yote.

Hatua ya 5: Pima kinyesi kinadumu siku ngapi

Hatua hii hurukwa sana, nayo ndiyo inayogeuza majibu. Weka kijiti chenye tarehe kando ya mafungu 20 mabichi katika kila aina ya uoto, urudi kila wiki hadi yasitambulike. Msimu wa mvua mende wa kinyesi wanaweza kumaliza fungu kwa siku chache. Mchwa nao wana kasi yao.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Tuseme, kwa mfano tu, mikanda 50 imekupa hekta 10: nyasi fupi 2, leleshwa 5, migunga 3. Umepata mafungu 100 ya nyati: 48, 22 na 30. Gawanya sehemu ya kinyesi kwa sehemu ya eneo. Nyasi fupi: 0.48 ÷ 0.20 = 2.4. Leleshwa: 0.44. Migunga: 1.0. Zaidi ya 1 wanapachagua, chini ya 1 wanapakwepa.

Sasa ingiza siku. Ikiwa kinyesi kinadumu siku 60 kwenye nyasi fupi, 30 kwenye leleshwa na 40 kwenye migunga, gawanya kwanza kila idadi kwa siku zake: 0.80, 0.73 na 0.75. Ukirudia hesabu kwa sehemu za jumla yake, 2.28, utapata 1.75, 0.64 na 1.09. Pengo kubwa ulilokuwa unalishangilia lilikuwa kwa sehemu kazi ya mende.

Kipimo chako ni mkanda, wala si fungu. Mafungu 15 kwenye mkanda mmoja yanaweza kuwa ya kundi moja lililolala hapo usiku mmoja.

Hatua ya 7: Uliza kwa nini

Pima umbali wa kila fungu hadi maji ya kunywa. Ziwa lina magadi, japo ukali wake ulipungua lilipojaa, kwa hiyo pima hadi chemchemi na mito ya Njoro, Makalia na Nderit. Ukipima hadi ufuoni, kuro ataonekana hajali maji.

Kumbuka pia ua wa umeme. Twiga waliletwa hapa miaka ya 1970 na hawawezi kutoka. Wakibambua magome ya migunga, huenda ni kwa sababu hawana pa kwenda. Mapito yaliyochakaa sambamba na ua yaandike peke yake, kwani ua ndio uliochagua njia hiyo.

Alama za vifaru zisiingie kwenye ramani yoyote unayoisambaza. Zikabidhi kwa KWS, kisha zifute kwenye simu.