Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzunguka Chinatown ya Singapore kwa miguu, bila kiongozi

Wengi wanaopitia Singapore wakiwa na siku moja mkononi huenda Chinatown na picha moja tu kwenye simu: ukuta fulani uliochorwa waliouona mtandaoni. Wanautafuta, wanasimama mbele yake, wanapiga picha, wanaondoka. Mara yangu ya kwanza nilifanya vivyo hivyo. Nilirukaruka kutoka mchoro hadi mchoro, na jioni, nikiwa nimeshavua viatu hotelini, ndipo nikagundua kuwa ukuta niliopenda kuliko yote ulikuwa mgongo wa hekalu ambalo sikuingia. Niliona nyuma ya nyumba, mlango wake sikuuona. Kwa hiyo maandalizi ninayoyaeleza hapa mengi ni ya kichwani, ya begi ni machache.

Kwanza kabisa amua utaanzia wapi. Treni itakushusha kwenye kituo kinachoitwa Chinatown, na ukitoka tu unajikuta katikati ya maduka ya zawadi ya Pagoda Street. Mimi nakushauri usianzie hapo. Shuka kituo cha Telok Ayer. Jina hilo ni la Kimalay, maana yake ghuba ya maji, na ndivyo palivyokuwa: mtaa wa Telok Ayer ulikuwa ufukweni. Kuanzia 1879 serikali ya kikoloni ilianza kuifukia bahari, nchi kavu ikasogea mbele, na leo ukisimama pale unaona maghorofa ya mabenki mahali palipokuwa na mashua. Usipolijua hili kabla, hutaelewa kwa nini mahekalu na misikiti imejipanga kwenye mtaa mmoja mwembamba usio na dalili yoyote ya maji.

Mtu wa pwani yetu ana faida kubwa hapa. Majahazi ya Wachina kutoka Fujian yalishuka na upepo wa kaskazini mashariki wa mwisho wa mwaka, yakarudi na upepo wa kusini magharibi. Ni kaskazi na kusi, pepo zile zile za msimu zilizoleta majahazi ya Arabuni Lamu na Zanzibar. Abiria aliyefika salama alishukia ufukweni na kwenda moja kwa moja kumshukuru Mazu, mlinzi wa mabaharia. Mahali pa kutolea shukrani hizo pakawa hekalu la Thian Hock Keng, lililokamilika 1842 kwa michango ya Wahokkien, yaani Wachina wenye asili ya Fujian. Ukilifikia, tazama mageti ya chuma kabla ya kutazama dhahabu ya ndani: yaliletwa kutoka Glasgow. Hekalu la Kichina, kwenye mtaa wenye jina la Kimalay, na chuma cha Uskoti mlangoni. Ukisimama pale dakika mbili utaijua Singapore kuliko ungeijua kwa kusoma kitabu kizima.

Kisha zunguka nyuma, Amoy Street. Huko ndiko kuna mchoro wa Yip Yew Chong, wa 2017, wenye urefu wa mita 44, unaosimulia safari ya Wahokkien hao hao: kuagana na jamaa, bahari, ukuli wa kubeba mizigo, biashara ndogo ndogo, mpaka mji wa leo. Usomwe kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi ya Kichina ya zamani. Ukiingia kwa upande wa kushoto, kama tulivyozoea kusoma, utaanza na mwisho, watu wataonekana kama wanarudi kwao. Wanaosoma Kiarabu hawatapata shida.

Kabla ya safari msome kidogo huyu mchoraji, maana michoro mingi utakayokutana nayo ni yake. Alikuwa mhasibu. Utoto wake aliuishi Chinatown, Sago Lane, na 2018 ndipo alipoacha ofisi akawa mchoraji wa kudumu. Anachochora ni kumbukumbu zake mwenyewe: sikukuu ya taa za karatasi pale Mohamed Ali Lane, nyumba ya utotoni mwake, aliyoichora Smith Street, opera ya Kikantoni Temple Street. Sago Lane yenyewe ilikuwa na nyumba za kufia, ambako wahamiaji maskini wasio na ndugu walipelekwa kusubiri mauti. Zilipigwa marufuku 1961. Ukilijua hilo, rangi zake za furaha unazitazama kwa jicho jingine.

Sasa ramani. Chora njia yako mwenyewe kwenye karatasi: Telok Ayer, Amoy Street, upande ngazi za bustani ya Ann Siang Hill, ushukie South Bridge Road, umalizie Temple Street, Smith Street na Sago Street. Haifiki kilomita mbili, lakini itakula saa tatu ukiifanyia haki. Pakua ramani ya eneo kwenye simu kabla, kwa sababu michoro mingi iko kwenye vichochoro na si lazima mtandao ukufuate huko. Jambo lenye uzito zaidi: wiki ile ile ya kwenda, hakikisha mchoro unaoutaka bado upo. Nyumba hizi za duka chini na makazi juu zinalindwa; eneo lilitangazwa la hifadhi 1989, na kuchora kwenye ukuta wake kunahitaji kibali. Mwenye nyumba akibadilika au ukuta ukikarabatiwa, mchoro unaweza kwenda. 2024 mchoro wa mwanamke wa Samsui akiwa na sigara, huko South Bridge Road, ulizua mjadala mkubwa juu ya nini kinafaa kukaa ukutani. Wasamsui walikuwa wanawake kutoka Sanshui, Guangdong, waliobeba matofali na zege kwenye ujenzi wa mji huu wakiwa wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani. Watu walibishana kwa uchungu kwa sababu wanawahesabu kama bibi zao.

Saa ya kuanza ni saa mbili asubuhi. Singapore iko zaidi kidogo ya digrii moja kaskazini ya ikweta, kwa hiyo joto lake tunalijua, ila unyevu wake unachosha kuliko wa Dar es Salaam wa Machi. Mchana mvua ya radi hushuka ghafla. Beba mwavuli mdogo, utakufaa kwa jua pia. Ukikosa mwavuli, tembea kwenye vibaraza vilivyoezekwa mbele ya maduka. Vina upana wa kama futi tano, na agizo la kuvijenga lilitoka 1822, mji ulipopangwa. Mtu wa Mji Mkongwe atajisikia nyumbani humo, ila asikae: ni njia ya watu. Maji ya bomba yananyweka, beba chupa. Na chupa hiyo ikukumbushe kwamba jina la Kimalay la mtaa huu, Kreta Ayer, ni mkokoteni wa maji, na Wachina nao wanauita Niu Che Shui, maji ya mkokoteni wa ng'ombe. Maji yalichotwa visima vya Ann Siang Hill, kilima kile kile utakachopanda ukihema.

Vaa viatu vya kuvulika haraka. South Bridge Road ina msikiti wa Jamae, ulioanzishwa 1826 na Waislamu wa Kitamil, na hatua chache mbele hekalu la Kihindu la Sri Mariamman la 1827. Mitaa ya pembeni imepewa majina kwa sababu yao: Mosque Street ni ya msikiti, Pagoda Street ni ya mnara wa hekalu la Wahindu. Mgeni anayedhani Chinatown ni ya Wachina peke yao anasahihishwa na vibao vya barabara. Magoti na mabega yafunikwe. Dada zangu, kanga moja begini inamaliza kazi. Sri Mariamman hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, kwa hiyo lifikie kabla ya saa sita. Adhuhuri ikiingia, Jamae iko pale pale.

Chakula kinahitaji maamuzi mapema kwa Mwislamu. Kwenye vituo vya vyakula vya Maxwell na Chinatown Complex vibanda vingi vinauza nguruwe. Tafuta cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, kilichobandikwa kibandani, usitegemee kuuliza tu. Pakiti ya tishu ukiikuta juu ya meza tupu si takataka, ni alama kwamba pamekaliwa. Nawe weka yako. Ukimaliza kula rudisha sinia, tangu 2021 ni lazima. Beba noti ndogo na sarafu kwa vibanda na vyoo. Kwenye treni kadi ya benki ya kugusisha inatosha.

Karatasi za safari sitazirefusha. Fomu ya kuingia nchini inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Anayekudai hela anakuibia. Ukitoka Kenya, Uganda au Kongo, chanjo ya homa ya manjano iwe imepita siku kumi na cheti kiwe mkononi. Na usiguse ukuta wowote kwa kalamu, hata kuandika jina la mpenzi: sheria ya 1966 inatoa faini, kifungo na viboko.

Kuhusu picha, nina ombi. Juu ya maduka yale watu wanaishi. Wazee wanaocheza dama karibu na Chinatown Complex hawakuchorwa, ni wenyewe. Simama, tabasamu, onyesha simu yako, subiri kichwa kiitikie.

Kitu cha mwisho cha kuweka begini ni anuani ya mtu wa nyumbani, iliyoandikwa kamili, na S.L.P. yake. Smith Street kuna mchoro wa mwandishi wa barua, mzee mwenye meza yake, aliyewaandikia wasiojua kuandika. Barua za aina hiyo zilikwenda China pamoja na hela ya matumizi, na 2013 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Mama aliyebaki kijijini alijua kwa barua hiyo kwamba mwanawe yu hai. Sisi tunaotuma hela nyumbani kwa simu tunamfahamu mama huyo. Nunua kadi ya posta kwenye duka lolote la Pagoda Street, rudi ukae jirani na ule ukuta, na uandike. Mimi nilikuwa na kadi na kalamu, lakini namba ya sanduku la mama yangu sikuwa nayo kichwani.