Kupika yaprax ya Wakurdi kwa spinachi ya Nakuru

Ile mboga tunayoiita spinachi hapa Nakuru, yenye jani pana lililokunjamana na uti mnene mweupe, Wakurdi wanaiita silq. Nililijua hilo Januari moja kule Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraki, theluji ikiwa imeufunika mlima Goizha ulio juu ya mji. Majani ya mzabibu yaliyowekwa akiba tangu kiangazi yalikuwa yamekwisha, na mama mzee niliyekuwa namtunza akanituma sokoni na neno hilo moja tu. Muuzaji aliponipa fungu nilisimama pale nikaligeuzageuza. Ilikuwa mboga ya Top Market, ile ile niliyolelewa nayo.

Kwa hiyo chakula hiki unaweza kukipika Shabab, Kaptembwo au hata Kondele bila kuagiza chochote ng'ambo. Kinaitwa yaprax, na hiyo x isome kama kh ya kheri. Wengine wataiita dolma. Ni mboga zilizojazwa mchele na nyama, zikapangwa kwa kubanana ndani ya sufuria moja, zikaiva katika maji yenye uchachu, halafu sufuria nzima ikapinduliwa juu ya sinia. Wakurdi huipika wakiwa na wageni, lakini hasa huibeba kwenda nayo milimani tarehe 21 Machi, siku ya Newroz, wanapouanza mwaka wao. Mimi pia huipika tarehe hiyo. Nilikaa nao tangu 2022 hadi 2024, kazi yangu ikiwa ni kumtunza huyo mama mzee, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu. Wajukuu walimwita Dapir, yaani shosho. Mimi nilimwita Daya gyan: daya ni mama, gyan ni roho.

Kabla hujaenda sokoni, tafuta watu. Sufuria ya watu wanane inachukua vipande karibu mia, na ukikunja peke yako, ukifika cha thelathini mgongo utakuwa unauma, utaanza kukunja vinene, na vinene hupasuka. Mimi humwita Mama, binti yangu na jirani wa mlango wa pili. Tandika kitambaa safi sakafuni, mkae mkizunguka bakuli, mzime televisheni. Karibu yote ninayoyajua kuhusu nyumba ile niliyasikia kwenye kitambaa kama hicho. Anayekunja jani macho yake yako kwenye jani, hakuna anayemtazama usoni, na maneno humtoka.

Sokoni chukua mafungu mawili makubwa ya spinachi, majani yasiyo na matundu, ya ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Vitunguu vitano vikubwa kabisa; vidogo havifai. Nyanya sita ngumu, hoho ndogo nne, biringanya mbili nyembamba, viazi vinne. Kilo moja ya mbavu za mbuzi, mwambie mwenye bucha azikate fupi, na nusu kilo ya nyama ya kusaga isiyokauka sana. Vikombe vitatu vya mchele. Mimi natumia wa Ahero. Pishori ya Mwea naipenda kwa pilau, lakini hapa harufu yake inagombana na uchachu. Dania mafungu mawili, kitunguu saumu kichwa kimoja, nyanya ya mkebe vijiko vinne, pilipili manga, chumvi, nusu kikombe cha mafuta.

Uchachu ndio unaoifanya iwe yaprax. Dapir alitumia sumaq, tunda dogo jekundu linalokaushwa na kusagwa, au maji ya komamanga yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama asali. Mimi natumia ukwaju. Ngumi moja, iloweke katika vikombe viwili vya maji ya moto, uuvuruge kwa vidole na uchuje. Nilijaribu ndimu mara ya kwanza niliporudi, nikaona ni kali mno, inapiga ulimi mara moja na kupotea. Ukwaju unakaa.

Anza na kitunguu, kwa sababu ndicho kinachochukua muda. Kimenye, kata ncha zote mbili, kisha pitisha kisu upande mmoja kutoka juu hadi chini, kifike katikati bila kupenya upande wa pili. Chemsha dakika kumi na tano mpaka uone matabaka yameanza kuachana. Kikipoa, yatavutika moja moja, na kila tabaka utakalolijaza litajifunga lenyewe bila kulazimishwa.

Kule hata kuchemsha maji kulitaka hesabu. Umeme wa serikali ulikuja kwa saa zake, ukikatika jenereta ya mtaa ilishika, na umeme wa jenereta kila nyumba iliununua kwa ampere, bili ya kila mwezi. Ukiwasha birika na hita pamoja, swichi inaanguka na nyumba nzima inaingia giza, nje kukiwa na barafu. Nilijifunza kumuuliza Dapir kwanza kama hita imezimwa.

Mchanganyiko wa kujaza ni rahisi. Osha mchele, uloweke dakika ishirini, umwage maji. Hauivishwi kwanza. Changanya na nyama mbichi ya kusaga, dania iliyokatwakatwa, kitunguu saumu, moyo wa vile vitunguu ulivyochemsha, nyanya ya mkebe vijiko viwili, nusu ya mafuta, pilipili manga, vijiko viwili vidogo vya chumvi. Nyanya, hoho na biringanya kata vifuniko, toa vilivyomo ndani, na nyama ya nyanya uikatekate humo humo. Tumia mkono.

Majani yatumbukize katika maji yanayochemka, hesabu hadi tano, yatoe. Yakizidi hapo yatachanika. Kata ule uti mnene kwa umbo la V, usiutupe, ukatekate na kuutia kwenye mchanganyiko. Lilaze jani upande wa mishipa ukitazama juu. Weka mchanganyiko kiasi cha kidole chako cha mwisho, karibu na mahali ulipokata uti. Kunja mara moja kwenda mbele, leta pande mbili ndani, endelea kuviringisha. Usikaze. Mchele utavimba, na ukiwa umekaza jani litapasuka. Kwa sababu hiyo hiyo nyanya na hoho zijaze robo tatu tu.

Dapir alikunja bila kutazama. Kidole gumba chake cha kulia kilipita juu ya jani mara moja, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha, na jani likawa limefungwa. Kila baada ya vipande kumi hivi alisimama kukohoa, akiwa ameinua mikono yote miwili juu isiguse chakula.

Kikohozi hicho alikipata Halabja. Tarehe 16 Machi 1988 ndege za serikali ya Saddam Hussein ziliushambulia mji huo kwa gesi ya sumu, na watu wapatao 5,000 walikufa. Waliopona, wengi wao, husimulia kwamba kabla ya lolote walisikia harufu tamu ya matufaha. Mimi sikulijua hilo. Wiki yangu ya pili pale ndani nilinunua matufaha mekundu, nikayapanga kwenye bakuli kando ya kitanda chake, nikiwa na nia njema kabisa. Alivuta ncha ya mtandio akajifunika pua, akageukia ukutani. Hakunikemea. Binti yake, ambaye ni mwalimu, aliingia akalichukua bakuli, akanieleza jikoni kwa sauti ya chini. Tangu hapo, nikiingia nyumba ya mtu yeyote niliyekuja kumhudumia, nauliza kwanza kuna kitu gani kisichoingia humu.

Huyo binti alinipeleka siku moja Amna Suraka, jengo jekundu la usalama wa taifa wa enzi ya Saddam, sasa ni makumbusho. Kuna ukumbi wenye vipande 182,000 vya kioo ukutani, kipande kimoja kwa kila mtu ambaye Wakurdi wanamhesabu kuwa alipotea katika Anfal, ile operesheni ya 1988 ya serikali ya Saddam dhidi ya Wakurdi, iliyopewa jina la sura ya Kurani. Unajiona katika kila kipande. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mwalimu alikaa karibu nami tukanyamaza mpaka miguu yangu ikapata nguvu.

Yeye mwenyewe alikuwa na shida ya sasa. Mishahara ya watumishi wa serikali ya Kurdistan, jimbo la Wakurdi ndani ya Iraki, huchelewa au kukatwa tangu 2014, serikali kuu ya Baghdad ilipoanza kuzuia mgao wa bajeti, na Septemba 2023 walimu wa Sulaymaniyah waligoma, shule nyingi zikafungwa kwa miezi. Alikuja kukunja yaprax akiwa na daftari la kukopea dukani ndani ya mkoba. Duka kwao ni dukan, sabuni ni sabun, kalamu ni qalam, na kaka ni kaka. Nilipomweleza kwamba walimu wa kwetu nao hugoma na watoto hukaa nyumbani, aliniuliza jambo moja: wakishamaliza kugoma, hulipwa za nyuma? Nilimjibu nilivyojua.

Lakini nilikuwa nasema juu ya Dapir. Machi 1991 Wakurdi wa Iraki waliinuka dhidi ya serikali, jeshi likawarudia, na zaidi ya watu milioni moja wakakimbilia mipaka ya Iran na Uturuki, milimani, kwenye baridi. Wazee na watoto wengi walifia njiani. Dapir alibeba mtoto kifuani na sufuria tupu mgongoni, imefungwa kwa mtandio. Aliponisimulia, nikamwambia kwamba Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mimi na Mama tulilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na Mama alikuwa ametoka nyumbani ameishika sufuria ikiwa na ugali ambao haujaiva. Dapir aliacha kukunja. Akaniuliza, "Kifuniko mlibeba?"

Nikamwambia ndiyo, tulikibeba. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua jani lingine.

Sufuria hiyo ya Mama ndiyo ninayopikia. Kwanza kaanga mbavu humo humo kwa mafuta yaliyobaki na chumvi mpaka zipate rangi, zisambaze zifunike chini. Juu yake panga viazi vilivyokatwa vinene, hivyo ndivyo vitakavyozuia chakula kuungua. Kisha biringanya na hoho, kisha vitunguu, halafu majani yaliyokunjwa, safu moja ielekee huku na nyingine huku. Bana, pasiwe na nafasi ya kuingiza kidole. Nyanya zikae juu kabisa kwa sababu zinalainika upesi.

Kwenye maji ya ukwaju koroga nyanya ya mkebe iliyobaki na kijiko kidogo cha chumvi, onja. Yawe machachu kuliko unavyotaka chakula kiwe, maana mchele utameza uchachu. Mimina taratibu ukingoni, ongeza maji ya moto mpaka yafike chini kidogo ya safu ya juu. Weka sahani ya udongo juu ya mboga, kifudifudi, ili zisielee. Funika. Kifuniko kisichoruka wala kupitisha mvuke ndicho kinachofaa. Kama chako kimepinda, zungushia kitambaa kilicholoweshwa. Moto mkali dakika kumi na tano, kisha mdogo saa nzima. Kwa makaa, ondoa nusu yake. Usifunue kuchungulia, mvuke wa juu ndio unaoivisha mchele wa nyanya. Ukisikia mlio wa maji umegeuka kuwa mlio wa mafuta, epua, uiache dakika ishirini.

Kupindua kunataka watu wawili. Toa sahani, mimina mchuzi uliobaki kwenye bakuli, funika sufuria kwa sinia, mmoja ashike masikio ya sufuria pamoja na ukingo wa sinia, mwingine azuie chini, pindueni mara moja bila kusita. Gonga kitako kwa mwiko. Subiri kidogo, inua polepole. Mbavu zitakuwa juu, zimeiva mpaka mfupa unatoka, na mchuzi mwekundu unateremka kati ya majani.

Ubavu wa kwanza mpe mkubwa wa nyumba. Kunyweni na mastaw, ambayo kwa hapa ni mala iliyopunguzwa kwa maji baridi na chumvi kidogo, na nanaa ukiipata. Mwambie mpishi dast khosh, mkono wako uwe mzima.

Machi iliyopita mwalimu alipiga simu ya video tukiwa tunakula, akamgeuzia Dapir kioo. Nilimwonyesha sinia, nikamwonyesha Mama, na Mama, ambaye hajui neno la Kikurdi, alisimama akaenda jikoni, akarudi na kile kifuniko akakiinua mbele ya simu. Dapir alikitazama kwa muda. Kisha akamwambia binti yake amwambie Mama kwamba mkono wa kifuniko umepinda kidogo pale kwenye msumari, akikaze kabla hakijachomoka.

Tulikikaza jioni ile ile.